Msalaba Wenye Kitanzi Juu

Kwenye makongamano yetu, iwe ni upande gani wa mpaka, utamwona kijana amevaa cheni yenye kitu kama msalaba, ila juu pana kitanzi mfano wa tundu la sindano. Mmoja atasema ni msalaba wa Kiafrika. Mwingine anaanza kukemea pepo hapo hapo. Hebu tuifuate kwanza historia yake, maana kuna vijana wanafukuzwa kwaya kwa jambo ambalo hakuna aliyewauliza.

Alama hiyo inaitwa ankh. Kwa Wamisri wa kale maana yake ni uzima. Imo hata katikati ya jina Tutankhamun, yule farao ambaye kaburi lake liligunduliwa mwaka 1922. Jina hilo ni "mfano hai wa Amun". Kwenye kuta za mahekalu utaona mungu wao akimsogezea farao ankh puani, kama anayempa pumzi. Ukikumbuka Mwanzo 2:7 utasimama kidogo. Lakini tusidanganyane, ile ilikuwa ibada ya sanamu.

Sasa njoo Alexandria, karibu mwaka 391, siku za Askofu Theophilus. Hekalu la mungu Serapis linabomolewa. Socrates (si yule mwanafalsafa, huyu ni Mkristo wa Constantinople aliyeandika historia ya kanisa) anasimulia kwamba kwenye mawe yake zilionekana alama kama msalaba. Wakristo wakasema, hii ni yetu. Wapagani nao, hapana, ni ya Serapis. Ubishi ukawa mkali. Ndipo waongofu waliojua kusoma maandishi yale wakasema maana yake ni uzima ujao. Wakristo wakashangilia, na wapagani wengi wakatubu, wakabatizwa! Ninachompendea Socrates, pamoja na furaha yote ile, hakukubali kwamba makuhani wa kipagani walijua habari za Kristo walipokuwa wakichonga.

Wakristo wa Misri, yaani Wakopti, waliichonga kwenye mawe ya makaburi yao na kuifuma kwenye vitambaa. Na hili litakugusa wewe Mpentekoste: iko nakala ya kale ya Matendo ya Mitume kwa Kikopti, ya karne ya 4 au ya 5, inayotunzwa katika maktaba ya Morgan kule New York. Maandishi yanaishia Matendo 15:3, halafu unakuta picha ya ankh kubwa yenye rangi, na ndege pembeni. Kitabu chetu cha Pentekoste, wapendwa, kimefungwa kwa alama ya farao!

Usikimbilie kushangilia lakini. Soma 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, na bado Hezekia alimvunja kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba.

Leo ankh imerudi sokoni. Wako Wamarekani weusi wanaoivaa kwa fahari ya Afrika. Wako wanaorudia kabisa miungu ya Misri, na hao wanasema wazi. Wengine wameipenda tu kwa kuwa inang'aa. Basi mzee wa kanisa, kijana akija na cheni hiyo, muulize anamwomba nani uzima. Akitaja Isis, kaeni chini na Biblia. Akisema ni urembo tu, msimulie haya, kisha cheni mwachie mwenyewe.