Mgomo wa Nairobi wa Mei 1950

Mgomo wa Nairobi wa Mei 1950 ulizuka baada ya serikali ya kikoloni ya Kenya kuwakamata viongozi wawili wa wafanyakazi, Fred Kubai na Makhan Singh, tarehe 15 Mei. Kubai alikuwa rais wa Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki, lililoundwa Mei 1949. Makhan Singh alikuwa katibu mkuu.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi angali kijana mwaka 1927. Tangu 1935 alisisitiza chama kimoja cha wafanyakazi wa rangi zote, jambo zito katika koloni lililopanga hata mishahara kwa rangi. Aliporudi mwaka 1947 kutoka India, alikozuiliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilijaribu kumfukuza nchini kama mgeni asiyetakiwa, lakini ikashindwa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki.

Mgomo ulianza Mei 16 na kudumu kwa takriban siku tisa. Wagomaji walidai wawili hao waachiliwe, pamoja na Chege Kibachia, kiongozi mwingine wa wafanyakazi aliyezuiliwa tangu 1947, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilijibu kwa polisi, mabomu ya machozi na magari ya deraya. Hata hivyo mgomo ulifika Mombasa. Ushahidi mkubwa wa umoja wa wafanyakazi wa rangi zote ni huu: maelfu ya Waafrika waliacha kazi, wakahatarisha riziki zao, pia kwa ajili ya Makhan Singh, mtu ambaye serikali iliwaambia si mwenzao.

Shauri la kumwekea Makhan Singh vizuizi lilisikilizwa Nyeri, mbele ya Jaji Thacker. Alikiri kuwa mkomunisti, akasema Uingereza haina haki ya kuitawala Kenya. Alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol, na kuachiliwa Oktoba 1961. Kongamano lenyewe lilivunjika. Historia ya vyama vya wafanyakazi aliyoiandika Makhan Singh ilichapishwa mwaka 1969, miaka minne kabla ya kifo chake.