Plau ya Nachingwea
Nikiwa Mchinga, kando ya shamba la ufuta lililolimwa kwa jembe la mkono, nilisoma habari za trekta ziongozwazo na setilaiti. Hata plau ikokotwayo nyuma hujirekebisha yenyewe isiteleze mtelemkoni. Nikaikumbuka Nachingwea, katika mkoa huuhuu wa Lindi. Mwaka 1947 Waingereza waliuanza mradi wa karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman viligeuzwa trekta. Kongwa, udongo wa mfinyanzi ulikauka kama tofali, plau zikavunjika. Januari 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Usukani, nathubutu kusema, ulikuwa London. Aliyeujua udongo alikuwa kibarua tu. Reli ya Mtwara–Nachingwea, iliyojengwa kusafirishia karanga, iling'olewa miaka ya 1960.