Hell's Gate: Korongo lililochongwa na mto uliokauka, na kwa nini mvua ya mbali ni hatari

Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate iko karibu na Naivasha, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Ilianzishwa mwaka wa 1984 na ina ukubwa wa kilomita mraba 68 hivi. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini Kenya ambapo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakitafuta chakula kando ya barabara.

Wengi huenda huko kupiga picha na kushuka kwenye korongo la Ol Njorowa. Ukijua jinsi korongo hilo lilivyotokea, utaelewa pia ni kwa nini limewahi kuua watu.

Mto uko wapi?

Ukishuka wakati wa kiangazi utakuta mchanga, mawe na vijito vidogo tu. Kuta nazo zimelainishwa na kupindapinda, dalili kwamba maji mengi yaliwahi kupita hapo.

Maelfu ya miaka iliyopita mvua ilikuwa nyingi zaidi katika Bonde la Ufa, na Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kuliko sasa. Lilipofurika, maji yalitoka upande wa kusini na kupita hapa, yakikata mwamba mwaka baada ya mwaka. Baadaye mvua ikapungua, ziwa likashuka na mto ukakatika. Siku hizi Ziwa Naivasha halina mto wowote unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupenyea chini kwa chini, na ndiyo sababu moja ya ziwa hilo kutokuwa na chumvi.

Miamba inasema nini

Tazama kuta za korongo uone tabaka, moja juu ya nyingine. Sehemu kubwa ni majivu na vumbi la volkano lililotua kisha likashikana. Eneo zima limezungukwa na volkano, ukiwemo Mlima Longonot ulio upande wa mashariki. Mwamba wa majivu ni laini, kwa hiyo maji huukata upesi.

Ukiona kipande cheusi kinachong'aa kama chupa iliyovunjika, hiyo ni obsidia: lava iliyopoa haraka mno. Watu wa kale walichonga visu na vichwa vya mikuki kwa jiwe hilo. Litazame, kisha liache pale pale.

Karibu na lango la Elsa kuna Mnara wa Fischer, wenye urefu wa mita 25 hivi. Ni lava iliyogandia kooni mwa volkano ya zamani, na mwamba laini ulioizunguka ukasombwa. Jina lilitokana na Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika eneo hilo mwaka wa 1883.

Ndani ya korongo utakuta pia maji moto yakichuruzika ukutani. Usiyaguse ovyo, mengine yanachoma. Joto hilo hilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme wa mvuke pale Olkaria tangu mwaka wa 1981.

Kwa nini korongo huua

Mto wa zamani umekauka, lakini njia yake ingali ipo. Mvua ikinyesha kwenye miinuko ya juu, maji yote hukimbilia humo. Sehemu nyingine ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hupita kwa shida. Maji yakibanwa hapo hupanda haraka sana, na kuta zilizosimama wima hazina pa kushika.

Mwezi Aprili 2012, watu 7 wa kundi la vijana wa kanisa walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 mafuriko mengine yaliwaua watu 7, akiwemo mwelekezi wa watalii wa eneo hilo. Baada ya mkasa huo korongo lilifungwa.

Kosa la kawaida ni kutazama anga iliyo juu yako tu. Jua linaweza kuwaka mahali uliposimama huku mvua kubwa ikinyesha upande maji yanakotoka.

Kabla hujashuka

• Uliza maafisa wa mbuga langoni kama korongo liko wazi siku hiyo. Likiwa limefungwa, usitafute njia ya mkato.

• Nenda na mwelekezi wa hapo anayejua njia za kutokea, na muulize ziko wapi kabla hamjaanza safari.

• Shuka asubuhi. Katika miezi ya mvua, mara nyingi mawingu hujikusanya mchana.

• Ukiona maji yamebadilika rangi, yanabeba vijiti na majani, au ukisikia ngurumo kutoka juu ya korongo, usingoje kupiga picha. Panda mahali pa juu palipo karibu nawe, na uache mizigo nyuma.