Kitovu Kilichotokeza

Mahali kilipozikwa kitovu cha mtu ndipo kwao, hata akiishi ng'ambo miaka hamsini. Ndiyo maana kitovu cha mwana kikitokeza nje nyumba nzima hushtuka, na lawama ya kwanza humwangukia mkunga: alikata vibaya, alifunga vibaya.

Lawama hiyo haina msingi. Mtoto angali tumboni, mishipa ya damu ya kitovu hupita katika tundu la ukuta wa tumbo lake. Baada ya kuzaliwa tundu hilo huzibika. Likichelewa, kipande cha utumbo au cha utando wa mafuta hujipenyeza humo, nayo ndiyo ngiri ya kitovu. Huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wembe wa mkunga haufiki huko.

Dalili zake ni za kale. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza kwamba uvimbe wenye utumbo ndani yake si mgumu wala si laini, huongezeka mtu azuiapo pumzi, pengine hutoa sauti, na hunywea alalapo chali. Mama wa leo huyaona yayo hayo: mwana akilia, akikohoa au akijikamua, kitovu chafutuka, akitulia, charudi.

Katika tiba wengi walikuwa na haraka. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1013, alieleza namna ya kuipasua ngiri hiyo. Majumbani, katika nchi nyingi, palitumika sarafu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya kitovu. Sarafu haizibi tundu. Huchubua ngozi na kuialika jipu. Siku hizi twajua kwamba ngiri nyingi za watoto hujifunga zenyewe kabla ya miaka mitano, na upasuaji huachiwa zile zisizojifunga.

Subira yavuta heri, lakini ina mpaka wake. Uvimbe ukiwa mgumu, ukabadilika rangi, ukauma ukiguswa, ukakataa kurudi, au mtoto akatapika, basi huenda utumbo umenaswa na damu haipiti. Hapo mwana apelekwe hospitali saa ile ile, na shauri la nani alikata kitovu liachwe nyumbani.