Kutendesha Katika Nyumba ya Walt Disney

Mwalimu wa sarufi akifika kwenye kauli ya kutendesha, ubao hujaa haraka: soma, somesha, rudi, rudisha, kopa, kopesha. Kengele ikilia, watoto hutoka na somo hubaki ubaoni. Mimi sijalimaliza mpaka leo, kwa sababu iko nyumba mjini San Francisco ambayo huwezi kuitaja kwa Kiswahili bila kupita kwenye kauli hiyo mara tatu. Ni makumbusho. Ndani yake mna maonyesho. Mada yake ni uhuishaji. Kumbusha, onyesha, huisha: kila kitenzi hapo kinadai watu wawili, mmoja wa kutenda na mwingine wa kutendeshwa, na msomaji ana haki ya kuuliza ni akina nani.

Nyumba yenyewe ni The Walt Disney Family Museum. Iko Presidio, kambi iliyoanzishwa na Wahispania mwaka 1776 na kuachwa na jeshi la Marekani mwaka 1994, ikawa hifadhi ya umma. Jengo ni bweni la matofali la askari, la miaka ya 1890. Milango ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2009, na aliyeifungua si kampuni ya Disney. Ni binti wa Walt, Diane Disney Miller, kupitia taasisi ya familia isiyo ya kibiashara.

Basi nani anamkumbusha nani? Sisi Dar es Salaam tumelisikia neno hilo kwa makondakta kiasi kwamba limeacha kufanya kazi. “Makumbusho! Makumbusho!” ni kituo cha daladala, anayeshuka pale anawaza nauli. Lakini huko Presidio neno linarudi kwenye nguvu yake ya kwanza. Diane alikuwa na hoja moja: jina la baba yake lilikuwa limegeuka nembo, na kadiri nembo ilivyoenea ndivyo mtu mwenyewe alivyopotea. Watoto wanaona “Walt Disney” kwenye mabegi ya shule na hawajui kuwa aliwahi kuwapo Walt, aliyezaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901, akafilisika akiwa kijana Kansas City, akafariki tarehe 15 Desemba 1966. Binti anawakumbusha watu ambao hawakuwahi kumjua mhusika. Kisarufi hilo ni la ajabu, maana ili nikukumbushe lazima uwe ulijua ukasahau. Diane alikubali ugumu huo, akajenga vyumba kumi vya kumsimulia mtu tangu kuzaliwa hadi siku ya msiba.

Ndiyo maana Mswahili anayekwenda huko kumtafuta Simba wa filamu ya mwaka 1994, pamoja na Rafiki na Pumbaa wanaobeba maneno yetu, atakuwa amekosea nyumba. Simulizi ya vyumba vile inakoma Desemba 1966. Hao walizaliwa baada ya matanga.

Neno la pili lina kesi yake mahakamani. Ni maonyesho au maonesho? Wanaotetea “maonesho” husema shina ni “ona”, hivyo “onesha”. Wanasema ukiandika “onyesha” umelitoa kwenye “onya”, na hukusudii kumwonya mtu. Hoja ni safi, lakini inasahau kwamba “onya” yenyewe ni mtoto wa “ona”: kumfanya mtu aone hatari kabla hajaifikia. Mimi nabaki na “maonyesho”, onyo likiwa ndani yake, na vyumba vya Presidio vinanitetea. Upande mmoja kuna fahari: tuzo ya Oscar ya filamu ya Snow White ya mwaka 1937, yenye sanamu moja kubwa na saba ndogo kwa ajili ya vibete. Ukiendelea unakutana na mgomo wa wachoraji ulioanza tarehe 29 Mei 1941, uliogawanya studio na kumwachia Walt uchungu asioumaliza. Binti angeweza kuuruka mwaka huo. Hakuuruka.

Kwa masikio ya Mtanzania, hata hivyo, “maonyesho” ni Sabasaba: mahema, matrekta, foleni ya juisi ya miwa, na baada ya siku chache uwanja unabaki na karatasi. Ndiyo maana “maonyesho ya kudumu” yanatukwaruza kidogo. Makumbusho kama haya yanahitaji aina zote mbili. Vyumba kumi ni vya kudumu. Kando yake huja maonyesho ya muda, na nionavyo mimi ndiyo yaliyoifanya nyumba isiwe kaburi la familia. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya mchoraji Mary Blair na rangi zake. Mwaka 2015 akaja Salvador Dalí, ambaye miaka ya 1940 alianza na Walt filamu fupi ya Destino, ikaachwa kabatini hadi 2003.

Lakini ninayetaka kukaa naye ni Tyrus Wong, aliyepewa kuta mwaka 2013. Alizaliwa Guangdong, China, mwaka 1910. Alipofika Marekani akiwa mtoto alizuiliwa peke yake katika kituo cha wahamiaji cha Angel Island, kisiwa kilicho katika ghuba ileile ya San Francisco, kwa sababu sheria za wakati huo ziliwafungia Wachina mlango. Mwaka 1938 akaajiriwa Disney kwa kazi ya chini kabisa, ile ya kujaza michoro ya katikati: fundi mkuu anachora mkono ukiwa chini, kisha mkono ukiwa juu, na wewe unachora kila hatua iliyobaki. Aliposikia kuwa Bambi inatayarishwa, akachora kando misitu ya ukungu kwa mtindo wa wachoraji wa kale wa China, majani machache na hewa nyingi. Sura ya filamu nzima ya mwaka 1942 ikafuata michoro hiyo. Yeye alikuwa ameshafukuzwa baada ya mgomo, ambao hata hakushiriki, na jina lake likawekwa kati ya wachora mandhari basi. Maonyesho ya Presidio yalimkuta hai, amepita miaka 100, bado anatengeneza vishada na kuvirusha ufukweni. Hapo kitenzi “onyesha” kilikuwa na deni la kulipa.

Sasa uhuishaji. Shina lake ni “hui”, kuwa hai au kurudiwa na uhai, lililotufikia kwa Kiarabu. Huisha ni kutia uhai. Waliolipendekeza kwa filamu za michoro walipatia, kwani fundi wa kazi hii hafanyi kingine: fremu 24 kwa sekunde, na filamu ya dakika 83 kama Snow White inakula fremu karibu 120,000, nyingi zikiwa na mchoro uliopita mikononi mwa watu kadhaa. Shida ni kwamba ofisi zetu zimeliwahi neno. Tunahuisha leseni. Tunahuisha taarifa. Mtu akisikia “mafunzo ya uhuishaji” anaweza kufika na kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Silaumu ofisi, neno zuri likiachwa wazi huingiwa na mpangaji.

Mtaani, ukweli usemwe, hakuna anayesema uhuishaji. Ni katuni, au vibonzo. “Katuni” inabeba mizigo miwili kwa mpigo: mchoro wa gazetini ulionyamaza na filamu inayokimbia. Mtanzania ukimtajia panya wa katuni, huenda akamtaja Kipanya wa mchora katuni Masoud kabla ya Mickey, na Kipanya hahitaji fremu 24 ili aseme neno lake. Nikiandika kwa ajili ya watu wote nitasema “filamu za katuni” na nitaeleweka Tanga hadi Kisumu. Uhuishaji nauhifadhi kwa tendo lenyewe, pale penseli inapogusa karatasi.

Na liko neno jingine ambalo watunga istilahi wamelipita: kikaragosi. Leo tunalitumia kwa mwanasesere anayechezeshwa kwa nyuzi, au kwa mwanasiasa anayechezeshwa bila nyuzi. Asili yake ni Karagöz, “jicho jeusi”, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, yaani picha zilizokatwa kwenye ngozi na kuchezeshwa nyuma ya pazia lenye taa. Ukilijua hilo, Lotte Reiniger wa Berlin hawi mgeni tena. Mwaka 1926, miaka 11 kabla ya Snow White, alimaliza filamu ndefu ya mwanamfalme Ahmed kutoka katika visa vya Alfu Lela Ulela, yote kwa vivuli vya karatasi alivyokata kwa mkasi na kuvisogeza kidogokidogo chini ya kamera.

Reiniger ananipeleka kwenye cheo cha Walt. Mara nyingi huitwa mwasisi wa uhuishaji. Lakini Émile Cohl wa Ufaransa alikuwa ameonyesha Fantasmagorie mwaka 1908, Winsor McCay akamfanya dinosaria Gertie atii amri mwaka 1914, na Quirino Cristiani alitoa filamu ndefu ya katuni huko Argentina mwaka 1917. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuwagawia haki zao. Mtangulizi ni aliyetangulia njia, hata kama hakujenga kitu. Mwasisi ni mwenye kuweka msingi, ndugu yake “asasi”. Hao wanne ni watangulizi wa sanaa. Walt ni mwasisi wa asasi: studio, mfumo wa kazi, kamera ndefu ya tabaka iliyopiga picha kupitia vioo vilivyopangwa juu kwa juu ili msitu uwe na kina. Moja ya kamera hizo imesimama Presidio, ndefu kupita mtu.

Limebaki suala la yanayowaleta watu nyumbani hapo: warsha ambako watoto wanachora na kusogeza udongo mbele ya kamera, filamu katika ukumbi mdogo, mazungumzo na wasanii. Watafsiri wengi huyaita haya “matukio ya jamii”, nami nashtuka kila nikisoma. Tukio ni habari ya polisi: basi limepinduka, duka limevunjwa. Neno tunalo, tena la kila siku. Ni shughuli. Mtu akisema Jumamosi ana shughuli, hakuna anayeuliza kama ni ya kuvunja mlango, na wote wanajua kwamba shughuli ni watu.

“Warsha” na “tamasha” nazo zinaishia kwa -sha, lakini zimevaa tu sare ya kutendesha. Hakuna kitenzi “tama” kinachotendeshwa. Tamasha limetoka Uajemi, na huko nyuma lina maana ya kutembea pamoja. Neno hilo ningelipeleka Marceline, Missouri, mji mdogo ambako Walt aliishi utotoni kuanzia 1906. Makumbusho ya mji huo yako ndani ya stesheni ya zamani ya reli, tangu 2001, na kila Septemba mji hufanya Toonfest, wachora katuni wakialikwa kuja kuongea na wenyeji. Presidio ni shughuli. Marceline ni tamasha, na tiketi yake ningeiandika hivyo bila kuuliza kamusi.