Maliwali wa al-Kufah: Je, Uchamungu Peke Yake Unatosha Kuongoza Kazi?

 

Likitokea swali la nani apewe uongozi wa madrasa, hazina ya msikiti au ofisi yenye wafanyakazi, jibu letu Waislamu huwa jepesi: atafutwe mcha Mungu. Jibu hilo ni la haki, lakini ni nusu ya jibu. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, yule binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), alitaja sifa mbili kwa pamoja, nguvu na uaminifu. Sisi mara nyingi tunaisoma ya pili na kuiruka ya kwanza. Ili tuone uzito wa jambo hili, tutazame yaliyopita katika mji mmoja wa Iraq zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyetawala tangu mwaka 13 hadi 23 Hijria (634-644).

Mji wa al-Kufah uliasisiwa mwaka 17 Hijria (638) na Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), jemadari wa vita vya Qadisiyya na mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Watu wake walikuwa askari wa makabila mbalimbali, wepesi wa kushitaki. Sa'd alipojenga nyumba ya utawala yenye mlango, kwa sababu kelele za soko zilikuwa zikimsumbua, habari zilimfikia Khalifa kuwa liwali amejifungia mbali na raia. Umar akamtuma Muhammad bin Maslama, mkaguzi wake wa kuaminika, aende akauchome moto mlango ule. Akauchoma kweli, kisha akarejea Madina bila kupokea masurufu aliyopewa na Sa'd.

Mwaka 21 Hijria mashitaka yakazidi, hata wakadai kuwa Sa'd hajui kusalisha. Fikiria, ndugu msomaji, mtu aliyesilimu miongoni mwa wa mwanzo kabisa anaambiwa hajui Sala! Umar alimwita akamuuliza. Sa'd akaeleza kuwa huwasalisha kama alivyosali Mtume (s.a.w.), akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Umar akamwambia kuwa hivyo ndivyo alivyomdhania. Hata hivyo hakuishia kwenye dhana njema. Wakatumwa watu wakapita msikiti kwa msikiti mjini al-Kufah wakiwauliza raia hadharani juu ya liwali wao. Kote alisifiwa, ila katika msikiti wa Banu Abs alisimama mtu mmoja akadai kuwa Sa'd hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu. Sa'd alimuapiza mtu huyo, na Bukhari amepokea jinsi apizo lile lilivyompata uzeeni.

Basi mashitaka hayakuthibiti, na juu ya hivyo Sa'd aliondolewa. Hapa pana faida ya kifiqhi ambayo tungependa maimamu waizingatie. Kumuuzulu mtu si kumhukumu. Hukumu inahitaji ushahidi; kuuzulu kunaweza kufanywa kwa maslahi ya kazi tu, pale kiongozi na anaowaongoza wanapokuwa hawaelewani tena. Kwetu mambo mawili haya yamechanganywa: mwenyekiti wa kamati akibadilishwa huona ametukanwa, wafuasi wake hutoka naye, na mtaa wenye msikiti mmoja huwa na miwili.

Baada ya Sa'd akawekwa Ammar bin Yasir (r.a.), ambaye wazazi wake, Yasir na Sumayya, waliteswa Makka kwa ajili ya imani. Pamoja naye akapelekwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) kufundisha dini na kushika Baitul Mali. Nani angetamani watu wema kuliko hawa? Lakini haukupita muda mrefu watu wakaanza kulalamika kuwa Ammar ni dhaifu wa siasa na hajui mambo ya nchi aliyokabidhiwa. Naye akauzuliwa. Imepokewa kuwa Umar alimuuliza kama kuondolewa kumemuudhi, naye akajibu kwa ukweli wake kuwa hakufurahi alipowekwa, lakini alipoondolewa ilimuuma.

Baadhi ya wapokezi humtaja Abu Musa al-Ash'ari kwa muda mfupi baada ya hapo, kisha ikafika zamu ya al-Mughira bin Shu'ba. Tabari amepokea kuwa Umar alikuwa akilalamikia shida ya kuchagua baina ya muumini dhaifu na mtu mwenye nguvu aliye chini yake katika dini. Al-Mughira akamjibu, kwa maana yake, kuwa uchamungu wa dhaifu ni wake mwenyewe na udhaifu wake ni wa Waislamu wote. Umar akampa al-Kufah, ambako alibaki mpaka Khalifa alipofariki. Al-Mughira ndiye aliyekuwa ameondolewa Basra mwaka 17 Hijria kwa tuhuma nzito ambayo haikuthibiti kisheria.

Je, tuseme basi tabia si kitu, mwenye uwezo apewe tu? Hapana. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria, 1328) katika kitabu chake as-Siyasa ash-Shar'iyya ameipambanua kazi na kazi. Katika uamiri wa vita hutangulizwa ushujaa na uwezo. Katika kulinda mali hutangulizwa uaminifu. Ametaja pia kuwa Mtume (s.a.w.) alimzuia Abu Dharr asishike uamiri kwa udhaifu alioona kwake, ilhali ukweli wa Abu Dharr haukuwa na shaka. Kwa hiyo mwenye kuchagua yampasa aijue kwanza kazi yenyewe. Ama mweka hazina ambaye mahesabu yake hayasomwi mwaka hadi mwaka kwa kuwa ni mtu wa swafu ya kwanza, huyo hakutukuzwa kwa uchamungu wake. Amedhulumiwa kwa kuachwa peke yake na mtihani.

Mwishoni mwa mwaka 23 Hijria Umar alichomwa jambia akiwa anasalisha Alfajiri. Katika saa zake za mwisho aliwataja watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, na Sa'd alikuwa mmoja wao. Akausia kuwa ukimfikia Sa'd ni vyema, na usipomfikia, basi atakayetawala amtake msaada, kwani hakumuuzulu kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana. Uthman bin Affan (r.a.) aliposhika ukhalifa, alimrudisha Sa'd al-Kufah.