Wafaransa na Siku Kuu ya 14 Julai

Sisi Wakongomani hatuna shida ya kueleza tarehe 30 Juni: siku ile, mwaka 1960, inchi yetu ilipata uhuru. Lakini frateri mmoja aliniuliza hivi: Wafaransa wanawezaje kucheza na kuimba siku waliyomwaga damu?

Jibu si fupi. Tarehe 14 Julai 1789 watu wa Paris walishambulia Bastille, ngome ya kifungo ya mfalme. Wafungwa waliokuwamo walikuwa 7 tu. Mkubwa wa ngome aliuawa, kichwa chake kikatembezwa njiani. Lakini sheria ya tarehe 6 Julai 1880, iliyoweka siku kuu hiyo, inataja 14 Julai pasipo kutaja mwaka. Katika Senati wengine hawakutaka kushangilia mauaji. Basi Henri Martin, aliyewaeleza sheria ile, aliwakumbusha 14 Julai nyingine, ile ya 1790. Hivi kila mtu aliweza kushangilia mwaka wake!

Na mwaka 1790 unatuhusu sisi mapadri. Watu wa pande zote za Ufaransa walikusanyika Paris, katika uwanja wa Champ-de-Mars, kusudi waape kuwa taifa moja. Mvua ilinyesha sana. Altare ilijengwa katikati ya uwanja. Talleyrand, askofu wa Autun, alisoma Misa, na mapadri waliomzunguka walikuwa wamejifunga mishipi ya rangi tatu. La Fayette aliapa. Mfalme Louis XVI naye aliapa.

Picha nzuri kweli. Lakini siku mbili kabla, tarehe 12 Julai, Baraza lile lile lilikuwa limepitisha sheria juu ya Eklezya: serkali ipange majimbo ya maaskofu, raia wachague maaskofu na maparoko kwa kura, na Baba Mtakatifu apashwe habari tu. Mwezi wa Novemba mapadri wakaamriwa kuiapia. Karibu nusu yao walikataa. Papa Pius VI aliihukumu mwaka 1791. Na nani aliyewapa daraja maaskofu wa kwanza wa upande wa kiapo? Talleyrand yule yule, Februari 1791. Wengi waliokataa walifukuzwa. Wengine waliuawa Paris, Septemba 1792.

Frateri akauliza tena: wale wenye mishipi, walipokuwa altareni, walijua? Nafikiri wengine walijua. Kura ilikuwa imekwisha kupigwa.